Kasha la Magazeti ya Wanafunzi

Mwaka jana, baada ya Pasaka, mkuu wa chuo nilichofundisha zamani aliniletea barua kwa mkono wa kijana. Maneno yake yalikuwa machache: stoo ya chuo itabomolewa, na ndani yake yamo makasha matatu ya karatasi za zamani, je, mwalimu mstaafu atakubali kuja kuyatazama, awaambie zipi zihifadhiwe na zipi zichomwe? Nalikubali upesi, kwa sababu mstaafu hufurahi akiitwa kwa neno lo lote. Sikujua kwamba katika kasha la tatu lilikuwamo kosa langu mwenyewe, likiningoja kwa miaka arobaini na zaidi.

Chuo hicho ni kimoja cha vile viitwavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vijana wa leo huenda hawajui asili yake, basi nitaieleza kidogo. Mwaka 1967, katika watu wazima kumi wa nchi yetu, karibu saba hawakujua kusoma wala kuandika. Ikapigwa mbiu, watu wakafundishwa jioni chini ya miembe, makanisani, misikitini, na katika mabanda ya mazao. Na ulipofanywa mtihani wa taifa mwaka 1975, wasiojua walikuwa wamebaki kama wanne katika kumi. Ndipo likazuka swali jingine: mtu akiisha kujua kusoma, asome nini, na elimu yake aipeleke wapi? Mwalimu Nyerere alikuwa ameona kule Uswidi vyuo vya wananchi, ambamo mkulima na mfanya kazi hukaa bwenini kwa miezi, hujifunza, kisha hurudi kwao. Kwa msaada wa Waswidi vyuo vya namna hiyo vilianza kwetu mwaka 1975, hata vikazidi hamsini. Walikuja watu waliochaguliwa na vijiji vyao: akina mama wenye watoto mgongoni, wazee waliokuwa wajumbe, vijana waliomaliza darasa la saba wakakosa pa kwenda. Walijifunza useremala, kilimo, ushonaji, kuweka hesabu za duka la kijiji, na siasa.

Nalifika hapo mwaka 1978, umri wangu miaka 25. Nikapewa kufundisha Kiswahili na hesabu, na juu ya hayo nikapewa kusimamia gazeti la wanafunzi. Jina la gazeti silitaji, maana atakayelijua jina atakijua chuo, na chuo hakina hatia katika habari hii.

Lilikuwa gazeti la karatasi nane zilizobanwa kwa pini, na wino ulipoadimika zilikuwa sita. Lilitoka mara moja kwa muhula. Tulilipiga kwa mashine ya saiklostaili, nami sina budi kueleza kazi ya mashine hiyo, kwa kuwa habari yangu imeshikamana nayo. Kuna karatasi laini yenye nta iitwayo stensili. Waitia katika taipureta, utepe wa wino umekwisha kuushusha, ili herufi za chuma ziipige nta yenyewe, na kila herufi huacha tundu lake. Stensili ikiisha hufungwa juu ya pipa dogo lenye wino. Mtu huzungusha mkono wa mashine, na wino hupenya matunduni ukaandika juu ya karatasi. Ukikosea, kiko kichupa cha dawa nyekundu, harufu yake kali kama rangi ya kucha. Wapaka kwa burashi ndogo, tundu lazibika, wangoja ikauke, wapiga herufi nyingine hapo hapo. Dawa hiyo huziba herufi moja. Yaweza pia kuziba ukurasa mzima, mtu akiwa na saburi.

Basi nalifungua makasha. La kwanza lilijaa daftari za mahudhurio, nusu yake ni unga wa mchwa. La pili lilikuwa na hesabu za maharage, sabuni na mafuta ya taa. La tatu lilikuwa na magazeti yetu, tangu mwaka 1977 hata 1985, yamefungwa kwa kamba ya katani. Panya walikuwa wamekula pembe, lakini maandishi yalisomeka. Naliketi juu ya tofali nikasoma hata jua likashuka, na mlinzi akaja mara mbili kuuliza kama ni mzima.

Neno la kwanza lililonishangaza ni kurasa za mbele. Zote ni namna moja. Hotuba iliyosikiwa katika redio imefupishwa, pongezi kwa viongozi, ahadi ya kulima ekari kadha wa kadha. Siku zile nalidhani hizo ndizo kurasa za siasa, na hizo nyingine za nyuma, za mpira na mapishi na vitendawili, ni za kujaza nafasi. Sasa nalipozisoma zile za mbele sikupata humo mtu hata mmoja. Ungeweza kung'oa ukurasa wa mbele wa 1979 ukaushona mbele ya gazeti la 1983, na hakuna ambaye angejua.

Lakini geuza ukurasa. Mzee mmoja, mwanafunzi wa useremala, ameandika kutetea jando. Anakumbusha kwamba Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakulifukuza jando, bali aliliingiza katika Kanisa, akaondoa yasiyofaa, akaweka sala. Basi kwa nini vijana wa siku hizi waone haya? Toleo lililofuata, dada mmoja wa ushonaji anamjibu kwa adabu, na adabu yake inachoma. Asema, jando la mvulana huisha naye akarudi darasani. Msichana akitoka unyagoni watu humhesabu ameiva, na shule imemwisha. Mzee akajibu tena, dada naye akajibu tena, na katika toleo la nne wakaingia wengine saba. Hapana hotuba ya redio iliyosema neno hilo kwa uwazi kama watu wale tisa.

Tena kuna barua juu ya maharage. Mwandishi aomba uongozi ueleze kama wadudu waliomo katika maharage wamehesabiwa katika fungu la nyama. Barua hiyo naliipitisha mwenyewe, kwa kuwa ilinichekesha. Mkuu wa chuo wa siku zile naye akacheka, na baada ya wiki mbili maharage yakabadilishwa. Nalijisifu moyoni kwamba mimi ni msimamizi mwenye moyo mpana. Mtu hujipima kwa maneno mepesi.

Ndipo nikafika kwenye toleo la pili la mwaka 1980, ukurasa wa tano. Ni mweupe. Juu kuna namba ya ukurasa, chini kuna mstari wa vinyota, na katikati si kitu, ila vidoadoa vya wino hapa na hapa, mahali ambapo dawa nyekundu haikushika vizuri. Ukiuinua kwenye mwanga waweza kuona nusu ya herufi m, na mbali kidogo mkia wa herufi y.

Mwandishi wa ukurasa ule alikuwa binti wa miaka kama 22, kutoka kijiji cha upande wa mikorosho. Alikuwa mtulivu, hakuongea darasani. Aliniletea insha yake imeandikwa katika kurasa za daftari, mwandiko wa kulala, safi. Nami nikampa mpiga taipureta bila kuisoma, kwa sababu nalikuwa na haraka ya kwenda kutafuta wino mjini. Naliporudi stensili ilikuwa tayari. Hapo ndipo nikaisoma.

Ilikuwa habari ya nyumbani kwao kwa zamani. Msomaji akumbuke kwamba mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wa mashamba wahamie katika vijiji kabla ya mwisho wa 1976, na mamilioni walihamishwa. Wengine walikwenda kwa hiari, na wapo waliofurahi, kwa kuwa katika kijiji walipata shule na kisima. Wengine walipakiwa katika malori. Jamaa za binti huyu walipakiwa mwaka 1974. Aliandika kwamba paa la nyumba yao liliondolewa mbele ya macho yao, wasipate shauri la kurudi. Kwamba baba yake aliacha mikorosho aliyoipanda mwenyewe, nayo ilikuwa imeanza kuzaa vizuri. Kwamba chini ya mkorosho mmoja yalikuwako makaburi ya kwao, nao kila mwaka, siku ya kuwakumbuka marehemu, hutembea nusu ya siku kwenda kuyapalilia. Hakumtukana mtu. Hakutaja kiongozi. Mwisho aliuliza maswali mawili: nani ataokota korosho zile zianguke wapi, na kama walioandika hesabu ya watu wa kuhamishwa waliwahesabu na waliolala chini.

Nalishika kichupa.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, sabuni na sukari hazikupatikana, na watu wakubwa walikuwa wepesi wa kukasirika. Mkubwa mmoja wa wilaya alikuwa na desturi ya kuchukua nakala ya gazeti letu. Nalisema moyoni: ataona, atauliza msimamizi ni nani. Nina mke, nina mtoto mchanga. Walakini sharti niseme kweli: mkubwa yule hakuwahi kunitisha, wala mkuu wa chuo hakuniagiza neno, wala sikupata barua. Hapana aliyenilazimisha. Nalikaa peke yangu katika chumba cha mashine, nikapaka mstari baada ya mstari, na kila mstari nikaupuliza ukauke.

Stensili nyingine hatukuwa nayo, ndiyo sababu ukurasa ulitoka mweupe. Yule binti alipokuja kuniuliza nalimwambia, "Dada, nafasi haikutosha." Alikuwa ameshika gazeti mkononi, limefunguliwa pale pale. Akautazama ukurasa, akanitazama mimi, akasema, "Asante, Mwalimu," akaenda zake.

Sasa nitaje hesabu moja, msomaji aone ni neno gani nililoliziba. Katika msimu wa 1973 na 1974 nchi yetu ilivuna korosho kama tani 145,000. Katika msimu wa 1986 na 1987 zilikuwa chini ya tani 20,000. Wataalamu walioandika baadaye walitaja sababu nyingi: bei ndogo, malipo ya kuchelewa, ugonjwa wa ubwiri unga, na miongoni mwa sababu hizo walitaja kwamba wakulima walihamishwa wakawa mbali na mikorosho yao, basi haikupaliliwa wala korosho hazikuokotwa. Haya yamo katika vitabu vizito. Binti wa ushonaji aliyauliza mwaka 1980 katika gazeti la karatasi nane, kabla hesabu haijafika chini kabisa.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Siku zilizofuata nikawa nauliza na kusoma habari za magazeti mengine ya wanafunzi wa nchi hii. Sijui nalikuwa natafuta nini. Huenda nalitaka kujua kama wasimamizi wengine nao walikuwa na vichupa.

Sisi watu wa misheni tuna la kujivunia hapa. Gazeti la Kiswahili lililo la kwanza, au katika yale ya kwanza kabisa, lilikuwa la wanafunzi. Ni Msimulizi, lililoanza mwaka 1888 katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kisiwani Unguja, chini ya Misheni ya Universiti. Likatoka kila miezi miwili hata mwaka 1896. Wengi wa vijana wa Kiungani walikuwa watumwa waliookolewa katika majahazi. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1887, mwalimu wao A. C. Madan alitoa London kitabu cha habari zao wenyewe, jinsi walivyokamatwa na kuuzwa, ameziandika kwa Kiingereza kutoka katika maneno yao. Na wenzao waliokwisha kutumwa kazini, huko Magila, Newala na Masasi kwetu, walileta habari za vituo vyao. Masasi yenyewe ilianzwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu walioachwa huru.

Fikiri miaka ile: vita vya Abushiri juu ya Wadachi mwaka 1888 na 1889; mwaka 1890 Unguja ikawekwa chini ya ulinzi wa Waingereza; bara yote inakatwa kwa kalamu huko Ulaya. Mtu wa leo akitafuta siasa ya siku hizo atakwenda kwenye mikataba. Lakini kijana aliyeandika kwamba fulani amefika salama, njia ina hatari, kengele mpya imetundikwa, watoto wa shule ni kadha, huyo naye aliandika siasa bila kujua, kwa kuwa tunamwona anaishi ndani yake. Walimu wa Kizungu, hapana shaka, walikuwa juu ya kazi ile kama mimi nalivyokuwa juu ya yangu. Hata hivyo sauti zilipita.

Wadachi nao katika shule ya serikali ya Tanga walikuwa na gazeti la Kiswahili, Kiongozi, tangu 1904 hata 1916. Hilo lilikuwa la serikali, na vita vya Majimaji vilipigwa katika miaka yake, 1905 hata 1907. Anayetaka kusikia waliopigana upande wa pili asitafute humo.

Lililonishika zaidi ni Cheche. Wasomaji wengine watashangaa mtu wa Kanisa kulisifu gazeti la wafuasi wa Marx, nami sikubaliani nao katika mengi, hasa walipoiona dini kuwa kama usingizi. Lakini kazi yao ilikuwa kazi ya kweli. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika waliunda mwaka 1967 chama kilichojulikana kwa herufi USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana Yoweri Museveni, aliyeshika urais wa Uganda mwaka 1986. Novemba 1969 wakaanza kutoa Cheche, pamoja na vijana wa TANU wa pale chuoni. Jina walilifuata kwa gazeti la Lenin lililoitwa Iskra, na gazeti la Ghana wakati wa Nkrumah lililoitwa The Spark. Yote mawili maana yake ni cheche. Miongoni mwa wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Walter Rodney, mwalimu wa historia, aliandika humo. Nao walipiga kwa saiklostaili kama sisi, wakapanga kurasa kwa mikono yao.

Septemba 1970 walitoa toleo zima la insha moja, ya kijana wa sheria, Issa Shivji. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, mabenki na makampuni yamekuwa mali ya umma, na watu waliimba kwamba unyonyaji umekwisha. Yeye akaandika kwamba mapambano ya matabaka yapo, ila hayasemi. Kwamba mtaji wa kigeni una milango mingine ya kuingilia. Novemba mwaka ule ule amri ikatoka: chama kifungwe na gazeti lisitoke tena. Wakaambiwa kwamba jina lile la kuazima litafanya watu wadhani nchi inajenga ujamaa wa Kirusi. Mwaka uliofuata vijana wa TANU wa chuo hicho wakatoa jingine, MajiMaji, nalo halikuwa pole kuliko lile la kwanza. Miaka arobaini baadaye Hirji na wenzake wakatoa kitabu cha kumbukumbu zao.

Nina neno moja juu ya Cheche, nami nalisema kama mwalimu wa Kiswahili. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, na makala yake karibu zote Kiingereza. Waliandika sana habari za mkulima, na mkulima asingeweza kuzisoma. Magazeti ya kisomo cha watu wazima, kama lile Elimu Haina Mwisho la Mwanza lililoanza mwaka 1974, mkulima aliyasoma. Ila humo aliambiwa zaidi jinsi ya kulima na kuchemsha maji. Mahali ambapo mkulima mwenyewe angeandika maswali yake kwa lugha yake, mengine ayasome, palikuwa padogo mno. Palikuwa pale, katika gazeti kama letu, la karatasi nane. Na hapo mlangoni nalikuwa nimeketi mimi.

Tofauti nyingine ilinisumbua. Cheche lilikatazwa kwa amri, kila mtu akajua. Waliolipenda wakazificha nakala, na leo wasomi huzitafuta. Gazeti letu halikukatazwa na mtu ye yote. Mbele ya watu lilikuwa gazeti huru, na katika kasha lingekuwa gazeti huru hata leo, kama si ule uhaba wa stensili ulioacha ukurasa mweupe.

Katika siku hizo zamu yangu ya kusoma Kanisani ilinipata, na siku ya kujitayarisha nikasoma Yeremia sura ya 36 nyumbani kwa sauti, mke wangu akisikiliza. Mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya baridi, mwezi wa tisa, makaa yanawaka mbele yake. Gombo la chuo linasomwa, naye kila zikisomwa safu tatu au nne hukata kwa kisu cha mwandishi na kutupa motoni, hata gombo lote likaisha. Nalikuwa nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na siku zote nalijiona upande wa Baruku, kwa sababu mimi ni mwandishi. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimekwisha kumweleza habari ya kasha, alisema tu, "Kisu kile kilikuwa cha mwandishi." Kisha akaenda kutia ndoo maji.

Basi nikaenda kumtafuta yule binti. Haikuwa kazi ngumu. Huku kwetu watu hujulikana. Nalipanda basi, kisha nikatembea kwa muda wa saa moja, nikamkuta barazani anapepeta mtama, amekuwa bibi wa wajukuu. Aliinuka akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba, nikakaribishwa kiti, tukaulizana habari za nyumbani, za wazima na za wafu, kama ilivyo desturi. Aliyekuwa mume wake amefariki. Mashine ya kushona aliyojifunzia chuoni alinunua ya namna ile ile, na watoto wake wanne walisoma kwa mashine hiyo.

Nikatoa gazeti katika mkoba. Aliweka miwani, akafungua kurasa bila kuuliza, akafika kwenye ule wa tano. "Hapa ndipo pangu," akasema.

Nikamwambia, "Mama, siku ile nalikudanganya. Haikuwa nafasi."

"Nalijua, Mwalimu. Nafasi naliiona." Akacheka kidogo, nami sikuweza kucheka. Akaendelea, "Nalikasirika juu ya mafuta ya taa. Insha ile ilikula kibatari kizima, na mafuta siku zile yalikuwa ya foleni."

Nikamwomba msamaha kwa maneno yaliyo wazi. Alinyamaza kitambo, akaendelea kuchagua mawe katika mtama. Kisha akasema msamaha alikwisha kuutoa zamani kwa ajili yake mwenyewe, maana asingeweza kushona vizuri huku amekasirika. Nikamwuliza kama daftari lile lipo. Halipo, lilivuliwa karatasi moja moja kuwashia moto. Basi nikamwomba aseme tena, nami niandike. Akasema maneno amesahau.

Tukakaa. Mjukuu akaleta uji. Nalikuwa nataka kuaga, ndipo akaanza kuhesabu mikorosho, moja moja, kwa mahali pake: ule wa njia ya kisimani, ule uliopigwa radi, miwili iliyopandwa mwaka aliozaliwa yeye. Ilikuwa kumi na minane. Nikatoa kalamu. Akataja makaburi. La mama yake baba, la kaka yake aliyeumwa na nyoka, na la tatu la mtoto mchanga wa mama yake, aliyekufa kabla hajabatizwa, ndiyo maana alizikwa kando kidogo, kuelekea shamba.

"Hili la tatu," akasema, "katika insha ya kwanza halikuwamo. Mama yangu alikuwa hai, asingependa."

Leo mikorosho ile imerudiwa na watu wengine. Makaburi mawili yamelimwa juu yake. La mtoto bado linajulikana, kwa sababu mama yake aliweka jiwe la kusagia.

Naliandika kurasa sita kwa mkono. Nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili, na pamoja akaniambia nifute, nami kwanza nikamwuliza mara mbili kama ndivyo anavyotaka. Akasema ndivyo. Karatasi hizo nimezitia katika kasha la tatu, nyuma ya toleo la pili la 1980. Kasha lenyewe mkuu wa chuo ameliweka ofisini mwake juu ya meza, mbali na ukuta kwa ajili ya mchwa, nami huenda kila mwezi kulitazama.